Hoja ya Nazira Ingali Yangoja Jawabu

Mwaka 1928 kilipigwa chapa mjini Beirut kitabu cha Kiarabu kiitwacho Al-Sufur wal-Hijab, na mtungaji wake alikuwa binti wa miaka 20, Nazira Zain al-Din, mzaliwa wa nyumba ya Kidruze, ambaye baba yake alikuwa hakimu mkubwa wa Mahakama ya Rufaa ya Lebanoni. Na kilichomfanya ashike kalamu ni khabari zilizotoka Damascus mwaka uliotangulia, kwamba wanawake wa Kiislamu wa mji ule wamezuiwa kutoka majumbani mwao pasi na kufunika nyuso.

Hakuandika kwa kejeli, wala hakuitupa dini aliyolelewa nayo. Alifungua tafsiri za Qurani, miongoni mwazo ya Baidhawi na ya Khazin, akazipitia aya za stara pamoja na yote yaliyosemwa juu yake, akaona kuwa mabwana hao, juu ya elimu yao kubwa, hawakuafikiana ni kiasi gani cha mwili wa mwanamke kiwajibike kufunikwa. Na katika khitilafu hiyo akatoa hoja ambayo mimi naiona ndiyo roho ya kitabu chote, ya kwamba maadamu wanavyuoni wenyewe wamekhitilafiana, basi mwanamke mwenye akili timamu anayo haki ya kuisoma aya na kuifahamu, na hapana mtu, awe mume, shekhe au liwali, awezaye kumlazimisha kwa nguvu afuate ufahamu wa mwingine katika jambo lililo baina yake na Mola wake. Tena akaongeza kwamba ushungi wa uso unamtukana mwanamume kama unavyomtukana mwanamke, kwa kuwa humdhania huyu khiana na yule uchafu wa nia kabla hawajatenda lolote.

Aliyesimama kumjibu hakuwa mtu mdogo. Shekhe Mustafa al-Ghalayini alikuwa bingwa wa nahau, na kitabu chake cha masomo ya Kiarabu kingali kikisomeshwa hata leo. Lakini katika radd yake hakutosheka kupambana na hoja, bali alidai pia kwamba kitabu kile si kazi ya msichana, kimeandikwa na kundi la watu, wamisionari wakiwamo, naye ametiwa jina tu. Nazira alimrudishia jawabu katika kitabu cha pili mwaka 1929, kisha sauti yake ikafifia katika uwanja huo hata alipofariki mwaka 1976.

Nimeileta kadhia hii ya zamani kwa sababu tuhuma ile haijazeeka. Kila atokeapo mwanamke wa asili ya Kiislamu akakosoa hijabu na kutaka dola isifungamane na dini, swali la kwanza aulizwalo si kama asemalo ni kweli, bali ni nani aliyemtuma. Nami sikatai kwamba dhana hiyo ina chimbuko: Mei 1958, mjini Algiers, Waarabu walishuhudia wanawake wakivuliwa haiki, shuka lao la kujitanda, hadharani chini ya kivuli cha jeshi la Kifaransa, jeshi lile lile lililokuwa likiwaua na kuwatesa ndugu zao, na tendo kama hilo halisahauliki upesi. Lakini katika nchi hiyo hiyo ya Aljeria, Februari 1994, Katia Bengana, mwanafunzi wa miaka 17, aliuawa kwa risasi huko Meftah kwa kuwa alikataa kujifunika baada ya kutishwa. Huyu naye alitumwa na nani?

Uajemi imeonja machungu ya pande zote mbili. Mwaka 1936 Reza Shah alipiga marufuku hijabu, polisi wakawanyang'anya wanawake mashuka yao njiani, na wengi wakajifungia ndani kwa haya; Machi 1979, mashekhe walipokwisha kutwaa dola, wanawake kwa maelfu walijaza njia za Tehran kupinga amri mpya ya kujifunika, na miongoni mwao walikuwamo waliokuwa wamejitanda kwa hiari yao walipoandamana dhidi ya Shah, mwana wa Reza; mwaka 1983 ikaja sheria ya viboko hadi 74; na Septemba 2022 Mahsa Amini, binti wa miaka 22, akafa baada ya kushikwa na polisi wa maadili. Mfalme na mashekhe walikuwa maadui wa damu, ilhali katika hili moja waliafikiana, kwamba kichwa cha mwanamke ni mali ya serikali.

Sisi wa pwani tunayo sababu yetu ya kulitazama jambo hili kwa insafu. Buibui, ambalo wengi hudhani limekuwako tangu azali, lilienea Unguja mwanzoni mwa karne ya 20, na miongoni mwa waliolipokea kwa furaha walikuwa wanawake waliotoka utumwani, ambao zamani hawakuruhusiwa kujifunika kama waungwana. Kwao wao kulivaa kulikuwa ni kutwaa heshima waliyonyimwa, na sioni kwamba Nazira, aliyeukataa ushungi, alikuwa akitafuta kitu kingine.

Ndiyo maana naona kwamba dola isiyofungamana na dini, ambayo Katiba ya Tanzania imeiweka katika ibara ya 19 kwa kuyaacha mambo ya jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi, si adui wa stara wala si rafiki wa wanaoivua. Na ndiyo maana siwezi kuifurahia sheria yoyote, hata ikitungwa Paris, imtozayo faini mwanamke mzima kwa sababu ya kitambaa chake.

Nina ombi moja kwa wachapaji wetu na kwa maulamaa wenye Kiarabu safi: vifasiriwe kwa Kiswahili kitabu cha Nazira na radd ya Shekhe Ghalayini, vitiwe katika jalada moja bila ya kupunguzwa neno, nasi wasomaji, wake kwa waume, tupewe nafasi ya kuhukumu wenyewe.