Kwa nini msafiri wa mkoba mgongoni anaishia Rusizi na hafiki Walungu

Kutoka Rubavu hadi Rusizi, upande wa Rwanda, kuna njia ya kilomita 227 inayofuata ukingo wa ziwa Kivu. Inajulikana kama Congo Nile Trail. Vijana kutoka Ulaya na Marekani huja wawili au watatu, mikoba mgongoni, na kuitembea kwa siku kumi hivi, au siku tano kwa baiskeli, wakipitia Rutsiro, Karongi na Nyamasheke. Usiku wanalala katika nyumba ndogo za wageni, misheni, au kwa familia ya kijijini inayowapa kitanda na chakula kwa malipo. Siku ya mwisho wanafika Rusizi, wanaiona Bukavu ng'ambo ya maji, wanapiga picha, kisha wanapanda basi kurudi Kigali.

Nyuma ya Bukavu hiyo wanayoipiga picha, zaidi kidogo ya kilomita 40 kwa barabara ya kitaifa namba 2, iko Walungu. Vilima ni vilevile, migomba ni ileile. Mgeni akifika Ngweshe au Kaziba atasalimiwa "Asinge", atawekewa bugali na sombe, na kama ng'ombe wapo, mashanza. Kwa Mushi, mgeni kulala njaa ni aibu ya mwenye nyumba. Ukarimu basi upo, lakini familia ya Walungu haipati hata franga moja kutoka kwa wasafiri hao.

Jibu la haraka ni vita. Tangu Februari 2025, M23 ilipoingia Bukavu, uwanja wa ndege wa Kavumu haupokei tena ndege za kawaida za abiria, benki zilifunga milango, na vijiji vya Walungu, hasa upande wa Kaziba, vimeona mapigano kati ya M23 na Wazalendo. Hakuna mtalii anayekwenda huko, na hapaswi kwenda. Lakini hata kabla ya 2025 msafiri huyo hakufika Walungu, ingawa kulikuwa na sababu nzuri ya kumvuta hadi karibu kabisa.

Sababu hiyo ni bei. Mwaka 2017 Rwanda ilipandisha kibali cha kuona sokwe hadi dola 1,500 kwa mtu mmoja. Katika mbuga ya Kahuzi-Biega kibali kiliuzwa dola 400. Kwa kijana anayehesabu kila dola, tofauti hiyo ilitosha kumvusha mpaka. Wachache walivuka, wakapanda hadi Tshivanga katika Kabare, wakawaona sokwe, wakarudi kulala hotelini mjini Bukavu. Kesho yake walikuwa tena Rwanda. Hakuna aliyewaambia kwamba upande wa pili wa mji kuna soko la Mugogo, wala kwamba Kaziba ina historia ndefu ya wahunzi na wamisionari wa Norvege waliofika huko miaka ya 1920.

Kikwazo cha kwanza ni bima. Serikali nyingi za Ulaya kwa miaka mingi zimewaonya raia wao wasiende Kivu. Mara nyingi onyo hilo linaifuta bima ya safari: kijana akivunjika mguu Burhale, kampuni hailipi. Na tukio moja linatosha. Mei 2018 Waingereza wawili walitekwa katika Virunga na mlinzi mmoja wa mbuga akauawa. Mbuga ilifungwa kwa wageni hadi Februari 2019. Familia yenye chumba cha wageni haiwezi kukaa miezi tisa bila mgeni na bado ikalipa deni la godoro.

Kikwazo cha pili ni karatasi. Tangu 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zinatoa viza moja ya utalii, dola 100 kwa siku 90. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 lakini haimo katika viza hiyo. Anayevuka Rusizi lazima atafute viza nyingine, ajieleze kwa DGM, na kijijini mwenyeji wake amtambulishe kwa chifu. Kila meza ina karatasi yake, na kila mtu aliyewahi kuvuka mpaka huu anajua kwamba si kila franga inayolipwa mezani inaandikiwa risiti.

Kikwazo cha tatu kinazungumzwa kidogo, nacho pengine ni kizito kuliko vyote. Kati ya 2005 na 2007, Kaniola, katika wilaya hii ya Walungu, ilishambuliwa mara kwa mara na FDLR na kundi la Rasta. Watu waliuawa vitandani, wanawake na wasichana wakapelekwa msituni. Wazazi walioishi usiku ule leo ndio wenye nyumba. Mtu asiyejulikana anayebisha hodi jioni akiwa na mzigo mgongoni, kwao hakumbushi likizo. Mradi wowote wa kuwapa watalii malazi vijijini usioanza na jambo hili, kwa kuwauliza wanawake wa hapo kwanza kama wanataka mgeni ndani ya ua wao, umeandikwa mjini kwa ajili ya mfadhili.

Hata hivyo nyumba za Walungu hazijawahi kuwa tupu. Kila mapigano yanapozuka, waliokimbia hupokelewa na familia, mara nyingi kabla ya msaada wowote kufika. Familia ya watu saba inakuwa ya kumi na watano. Akiba ya maharagwe ya msimu inaliwa kwa wiki chache. Shamba dogo linachimbwa mapema, mihogo ikiwa bado michanga. Mashirika yakija, kwa kawaida huandika kwanza jina la aliyekimbia. Mwenye nyumba anaandikwa baadaye, au haandikwi. Ng'ambo ya ziwa kitanda cha mgeni kinaleta ada ya shule. Huku kitanda hichohicho kinamla mwenyeji.

Ndiyo maana, siku barabara itakapokuwa salama, kumngoja Mjerumani mwenye mkoba huenda kukawa kungoja bure. Anayeweza kufika mapema ni mwanafunzi wa Bukavu na rafiki zake, ambao hawahitaji viza wala bima ya Ulaya, wanaojua kusalimu, na ambao wengi wao wana shangazi au mjomba huko Ngweshe. Wao wakienda, wakalala siku mbili na kulipa kwa M-Pesa au Airtel Money bei iliyokubaliwa mbele ya chifu, mama wa nyumba atakuwa amejifunza kazi hiyo kwa gharama ndogo. Ugumu utakuwa hapo kwenye bei: katika Bushi, kumdai mgeni pesa ya chakula bado kunaonekana kama tusi, na mjomba ndiye wa kwanza atakayekataa kupokea.