Si Kila Kisichojibiwa Ni Fumbo



Likizo iliyopita nyumbani kwetu Kilosa tuligombana kwa sababu ya tamthilia. Kaka yangu ni fundi simu, na pamoja na kazi hiyo huwawekea watu filamu kwenye flashi. Siku niliyofika alinionyesha Lost, tamthilia ya Kimarekani ya miaka mingi, misimu yote sita. Kila jioni baada ya sala na chakula tulikaa sebuleni, wanandugu na majirani, tukaangalia sehemu mbili au tatu. Likizo yetu ni ndefu, kwa hiyo tukafika mwisho. Usiku ule wa mwisho nyumba iligawanyika.

Kaka alisimama akasema, “Tumeibiwa.” Jirani yetu, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa anafuta machozi, akasema hajawahi kuona mwisho mzuri kama ule. Kesho yake wakaendelea kubishana mbele ya meza ya ufundi, na wateja wakaingilia. Mwishowe kaka akanigeukia: “Frateri, wewe ndiye unayesoma falsafa. Sema nani yuko sahihi.” Nilimwambia nitamjibu baadaye. Nilihitaji safari ya Mikumi kabla ya kupata jibu, na ndilo ninaloliandika hapa.

Kwa wasioijua, Lost ilianza kuonyeshwa na kituo cha ABC Septemba 2004 na ikaisha tarehe 23 Mei 2010. Ndege inayotoka Sydney kwenda Los Angeles inaanguka kwenye kisiwa, na walionusurika wanajikuta kati ya mambo wasiyoyaelewa. Mwanafunzi wa falsafa atacheka kidogo akisikia majina ya wahusika: yupo John Locke, yupo Rousseau, yupo Hume. Maswali nayo yanarundikana. Moshi mweusi unaoua watu ni nini? Namba 4, 8, 15, 16, 23 na 42 zina maana gani? Nani anadondosha chakula kwa parachuti kisiwani? Kwa nini wajawazito wanakufa? Kila sehemu ilijibu swali moja na kuongeza mawili.

Mwishoni wahusika wanakutana kanisani. Tunaelewa kwamba wote wamekwisha kufa, kila mmoja kwa wakati wake, wengine zamani na wengine baadaye sana, na hapo wanangojana ili waende pamoja. Wapo wanaosema walikufa tangu ndege ilipoanguka, lakini tamthilia yenyewe inakana: baba yake Jack anamwambia mwanawe kwamba yote yaliyompata yalitokea kweli. Kisha baba anafungua mlango, mwanga unaingia, na hadithi inaisha. Wanakwenda wapi, hatuambiwi. Na maswali mengi ya kisiwani yamebaki pale pale.

Mwaka ule wa 2010 sisi Kilosa hatukuwa na habari ya ndege iliyoanguka kisiwani. Mwaka ulikuwa umeanza na mafuriko ya Mto Mkondoa, nyumba zimekwenda na maji na reli ya kati imekatika. Nilikuwa na miaka kumi. Lakini nikisoma leo jinsi watazamaji wa Marekani walivyogawanyika, naona ni ugomvi ule ule wa sebuleni kwetu. Kundi moja linasema: mlituahidi majibu. Kundi jingine linasema: hadithi ilihusu watu na mapendo yao, na hilo limekamilika.

Mimi naona kila kundi linatetea kitu cha kweli, ila kila moja linazungumzia jambo tofauti. Tukumbuke vitendawili vya utotoni. Bibi anasema, “Kitendawili!” Sisi tunajibu, “Tega!” Tukishindwa, anatuambia, “Nipe mji.” Tunampa mji, hata Dar es Salaam yote tukitaka, na yeye akishaupokea lazima atoe jibu. Hakuna bibi anayepokea mji kisha akaenda kulala. Angefanya hivyo, kesho yake hakuna mtoto ambaye angemjibu “Tega.”

Sasa, swali la nani anadondosha chakula kisiwani ni kitendawili. Mwandishi ndiye aliyelitega, na watazamaji walitoa mji: miaka sita ya maisha yao. Katika jambo hilo kaka yangu anadai haki yake. Na ushahidi ni kwamba mwaka huo huo wa 2010, tamthilia ilipotolewa kwenye DVD, watengenezaji waliongeza kipande cha dakika kama 12 kinachoonyesha ghala la chakula kule Guam na kujibu maswali mengine kadhaa. Kumbe jibu liliwezekana. Sisi wasomaji wa Kiswahili tumezoeshwa vizuri zaidi. Tangu Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla iliyochapishwa mwaka 1960, Bwana Msa akianza upelelezi tunajua kwamba mwishoni ataketi na kutueleza.

Lakini swali la wanakokwenda baada ya mlango kufunguliwa ni la namna nyingine. Je, mwandishi angetuonyesha nini? Bustani? Mawingu? Mwalimu alikuwa sahihi kulia pale, na angekuwa na haki ya kucheka kama angeonyeshwa picha ya mawingu. Darasani tulisoma habari za Gabriel Marcel, Mfaransa aliyebatizwa Mkatoliki mwaka 1929. Yeye anatenganisha tatizo na fumbo. Tatizo liko mbele yangu. Naweza kulizunguka, kulipima, na kulimaliza kwa njia inayofaa. Fumbo ni jambo ambalo mimi mwenyewe nimo ndani yake, na siwezi kutoka nje ili nilichunguze kama fundi anavyochunguza simu. Kifo changu, upendo wangu kwa mama yangu, uhusiano wangu na Mungu: haya hayamalizwi kwa kupata taarifa zaidi.

Maandiko Matakatifu nayo yana miisho iliyoachwa wazi. Kitabu cha Yona kinaisha kwa swali la Mungu, na hatusikii Yona amejibu nini. Katika Luka 15 baba anatoka nje kumbembeleza mwana mkubwa, na hatuambiwi kama aliingia karamuni. Nakala mbili kongwe za Injili ya Marko, za karne ya 4, ile ya Sinai na ile ya Vatikano, zinaishia sura ya 16 aya ya 8, wanawake wanakimbia kutoka kaburini wakiwa na hofu. Aya zinazofuata Kanisa linazipokea kama Maandiko Matakatifu, na ni vema. Lakini angalieni kwamba Marko hakutuficha lililo lazima. Kijana aliyekuwa kaburini amekwisha sema wazi kwamba Yesu amefufuka. Kinachobaki wazi ni nini wale wanawake watafanya, na nini tutafanya sisi.

Ningeishia hapo kama makala haya yangehusu tamthilia peke yake. Ila wiki mbili za mwisho za likizo nilipelekwa kusaidia kigango kimoja upande wa Mikumi, karibu na barabara kuu inayopita ndani ya hifadhi kwenda Iringa, Mbeya na Zambia. Kazi yangu mojawapo ilikuwa kuandika nia za Misa kwenye daftari la katekista. Daftari lina sehemu mbili: upande mmoja walio hai, upande mwingine marehemu.

Jumamosi moja alikuja mama wa makamo. Nikamwuliza jina la anayeombewa, akanitajia jina la mwanawe. Nikamwuliza, “Ni marehemu, mama, au yu hai?” Akanyamaza. Kisha akasema, “Hilo ndilo nililokuja kukuuliza wewe, frateri.”

Mwanawe alikuwa utingo wa lori. Aliondoka miaka minne iliyopita, akapiga simu mara moja akiwa njiani kuelekea Tunduma, na tangu siku hiyo hakuna sauti wala habari. Hawajaweka matanga, maana huwezi kumlilia aliye hai. Hawajaacha kulia pia. Wengine katika jumuiya wanamwambia akubali. Wengine wanamwambia asikate tamaa.

Nakiri mbele yenu kwamba neno lililonijia mdomoni lilikuwa hili: “Mama, hayo ni mafumbo ya Mungu.” Ni neno letu, liko tayari daima, na linasikika vizuri. Nikakumbuka ugomvi wa Kilosa, nikalimeza. Mungu hakutega swali la lori. Lori lina mwenyewe, lina dereva, lina namba. Polisi wana vitabu. Sehemu hiyo ya huzuni ya yule mama ni tatizo, na tatizo hutafutiwa njia. Nilipomwuliza ni nani kanisani aliyewahi kumsaidia kuulizia, alisema wote walimwombea. Kuombewa aliombewa sana. Kuulizia, alikwenda peke yake.

Mimi na katekista tulikwenda naye. Tuliongea na madereva wanaolala Mikumi, tukapata jina la mwenye lori, na namba yake ya simu ikawa haipatikani tena. Polisi tulimsaidia kueleza habari upya na kwa utaratibu. Sina mwisho mzuri wa kuwasimulia. Mpaka likizo inaisha kijana hakuwa amejulikana alipo.

Jioni nilimpelekea paroko swali la daftari. Hakuniambia habari za mafumbo. Alisema, “Andika pande zote mbili. Mungu hatachanganyikiwa.” Jumapili jina lilisomwa kati ya wasafiri, na likasomwa tena kati ya marehemu, na paroko akaeleza kwa maneno machache kwa nini. Baada ya Misa yule mama aliniambia, “Basi sasa ana mahali.”

Baadaye niligundua jambo kuhusu Marcel ambalo sikulizingatia nilipokuwa najiandaa kwa mtihani. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alifanya kazi katika Msalaba Mwekundu wa Ufaransa, akiwatafutia watu habari za askari waliopotea. Ndugu walikuja kwake na majina, naye akawa na kadi za majina hayo. Kwanza alitafuta habari kwa kila njia, na habari zilipokosekana alibaki na mtu aliye mbele yake. Nadhani ndiyo maana alijua vizuri mpaka kati ya tatizo na fumbo. Aliufikia kwa kazi.

Ndugu zangu mafrateri, hapa ndipo penye hatari yetu. Tunajiandaa kuwa watu wa kuulizwa maswali. Kosa la kwanza ni kuita deni fumbo. Mwamini akiuliza fedha za ujenzi wa kigango zimetumikaje, hicho ni kitendawili, na mji ulishatolewa siku ya harambee. Akiuliza kwa nini Kanisa linafundisha jambo fulani, anastahili tufungue vitabu, hata kama ni usiku na tumechoka. Kosa la pili ni kulijibu fumbo kana kwamba ni kitendawili. Mtoto amekufa, nasi tunamwambia mama kwamba Mungu alikuwa anahitaji malaika. Nani alituambia? Huo ni mwisho wa kubuni, na aliyefiwa anajua kwamba umebuniwa.

Tunapoimba fumbo la imani katika Misa, tunatangaza kitu tulichokwisha kuambiwa, kifo na ufufuko na kuja kwake Bwana. Hakuna jibu lililofichwa nyuma ya pazia. Neno hilo likitumika kufunika uvivu wetu, watu wataacha kulisadiki hata pale altareni, kama watoto wanavyoacha kujibu “Tega.”

Kaka yangu nilimpigia simu niliporudi seminarini. Nilimwambia kuhusu chakula cha parachuti anadai kwa haki, na kuhusu mlango mwalimu ameshinda. Akasema ni jibu la mtu anayeogopa kugombana na majirani. Huenda.

Novemba inakuja na bahasha za kuwaombea marehemu zitagawiwa katika jumuiya zetu. Katika Mikumi, Kilosa na kwingineko wapo watakaozipokea wasijue waandike nini. Ukimwona jirani yako ameshika bahasha tupu, usimpe neno kwanza. Muulize ametafuta mpaka wapi, na kama njia bado ipo, nenda naye.