"Hatukuelewa" si Tusi

Wako waandishi ambao wakipata barua kutoka Tandika au Manzese isemayo, "Makala yako hatukuielewa," huvimba kama waliotukanwa. Husema msomaji yule hana elimu. Sisi twasema yule ni mwalimu wao, tena hadai mshahara.

Tazameni jambo la leseni za makazi. Mpango wa kuzitoa ulianza mwaka 2004 katika mitaa isiyopimwa ya Kinondoni, Ilala na Temeke. Sheria yake, Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999, ilitungwa kwa Kiingereza. Mwandishi aweza kujaza safu mbili za "urasimishaji" na "usalama wa miliki", na mwenye nyumba wa Keko akamaliza kusoma bila kupata neno moja alilolitafuta: karatasi hii ni hati au si hati?

Si hati. Leseni za mwanzo zilikuwa za miaka miwili tu. Hati hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Basi, hayo yangemtosha. Asiyeyajua aweza kuuziwa nyumba yenye leseni kwa bei ya nyumba yenye hati, naye akarudi kwake anashangilia.

Kwa hiyo msomaji akiuliza kwa ukali, "Unasema nini wewe? Nyumba ni yangu au si yangu?" ukali huo ni haki yake. Mwandishi akiandika gizagiza, si yeye atakayelala nje.

Watasema mambo ya ardhi yana maneno yake. Kweli, yanayo. Lakini mara nyingi mwandishi hujificha nyuma ya neno kubwa kwa kuwa jambo lenyewe hajalifahamu. Akishurutishwa kulieleza upya, ndipo anapokwenda ofisi ya ardhi kuuliza alilopaswa kuuliza tangu mwanzo.

Wala tusidhani Kiswahili peke yake ni dawa. Mwaka 2021 Bunge lilikifanya kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, jambo ambalo wengi tulilingoja kwa hamu. Hata hivyo Kiswahili nacho chaweza kufungwa kufuli, na wanaokifunga ni sisi wenye kalamu.

Barua za namna hiyo zichapwe kama zilivyo, zisipunguzwe ukali, na mwandishi ajibu katika toleo lifuatalo. Ndugu wa Mbagala, Tandale na Mwananyamala, leteni, hata kama mmeandika kwa penseli.