Ameacha Watoto Wangapi?

Ukiacha Biblia na Kurani, hakuna maandishi yanayosomwa kwa sauti vijijini kwetu kama wasifu wa marehemu, na hakuna yanayopotea upesi kama hayo. Huandikwa usiku wa kuamkia maziko, kwenye karatasi iliyochanwa katika daftari la mjukuu. Mmoja anashika tochi ya simu, wengine wanne wanabishania mwaka. Kesho yake mchana unasomwa chini ya turubai kwa spika inayokoroma, kisha unakunjwa mara nne na kutiwa katika mfuko wa shati la mzee wa kanisa. Shati likifuliwa, basi.

Toleo hili ni la wazee wa imani walioishi miaka mingi na kulea watu wengi. Kabla hamjafungua kurasa za ndani, niruhusuni niseme nina ugomvi gani na karatasi ile.

Mpangilio wake mnaujua. Alizaliwa, alibatizwa, alipata kipaimara, alifunga ndoa takatifu, alichaguliwa kuwa mzee wa kanisa, akawa mweka hazina wa mtaa. Halafu alianza kusumbuliwa na miguu, akapelekwa hospitali, akarudishwa, mpaka mauti yalipomfika. Mwisho ni hesabu: ameacha mjane, watoto tisa, wajukuu kadhaa na vitukuu. Waombolezaji wanajua hata mahali pa kuguna. Nimekaa kwenye mabenchi hayo mara nyingi, na mara nyingi nimeondoka nikiwa na hakika kwamba marehemu watatu niliowazika mwaka huo walikuwa mtu mmoja.

Chukueni Kinyangiri, huko Singida. Tuseme mzee amezaliwa pale mwanzoni mwa miaka ya 1930 na amefariki juzi, amepita miaka 90. Karatasi itasema alizaliwa Wilaya ya Mkalama, Mkoa wa Singida. Mkalama ya leo ilimegwa kutoka Iramba mwaka 2012, na Mkoa wa Singida wenyewe ni wa 1963, Jimbo la Kati lilipogawanywa. Mzee amehamishwa wilaya na mkoa bila kuondoka kwenye mji wake. Kosa ni dogo, nami nisingelisumbukia, ila linaonyesha karatasi inavyofanya kazi: inamvalisha marehemu nguo za waliobaki.

Kosa kubwa liko kwenye ile hesabu ya mwisho.

Waisanzu, ambao nao ni watu wa Mkalama, ukoo wao hupitia kwa mama. Mtafiti Virginia Adam alikaa kwao miaka ya 1960 akiandika habari za vijiji vyao na za vijana wao waliokwenda kutafuta vibarua mbali, na baada yake Todd Sanders aliandika kitabu kizima juu yao, kikatoka mwaka 2008. Kwa desturi hiyo mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mwanamume mwenye heshima alikuwa na mizigo miwili. Nyumbani kwake alilea watoto aliowazaa, na kwa dada zake alikuwa mjomba, maana yake alikuwa mwenye neno juu ya wapwa, na urithi wa ukoo ulitoka kwake kwenda kwao. Mambo yamebadilika sana tangu wakati ule. Shule, kanisa, mahakama na mji vimemvuta baba karibu na wanawe, na wengi watasema ni heri. Lakini mtu aliyezaliwa miaka ya 1930 alilelewa katika hesabu ya zamani akazeekea katika hesabu mpya. Alilipa kotekote.

Kwa hiyo mkisoma "alikuwa mtu wa familia", ulizeni ni familia ipi. Mpwa aliyelipiwa ada akawa mwalimu, yuko wapi kwenye karatasi? Mtoto wa dada aliyefiwa na mama akakulia jikoni kwa mjomba, naye amehesabiwa katika wale tisa? Mara nyingi hayumo. Amekaa pembeni ya turubai, anachoma kuni za chai, analia kuliko wote, na msomaji wa wasifu hana mahali pa kumweka, kwa kuwa mfano wa karatasi tuliyonayo ulitengenezwa kwa nyumba ya baba, mama na watoto. Namwona huyo kuwa shahidi wa kwanza wa maisha ya marehemu. Watoto wa kuzaa hulelewa hata na baba asiye na imani.

Na imani yenyewe? Wajerumani wa misheni ya Leipzig walifika Iramba kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, vita vikawaondoa. Katikati ya miaka ya 1920 walikuja Augustana, Walutheri wa Marekani wenye asili ya Uswidi, wakaendeleza makanisa, shule na matibabu. Hospitali ya Iambi ni tunda la kazi hiyo. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) lilizaliwa tarehe 19 Juni 1963, makanisa saba yalipoungana. Mzee wetu wa Kinyangiri basi alikuwa Mlutheri kabla KKKT haijawa KKKT. Aliwapitia wamisionari, wachungaji wazalendo, dayosisi, kwaya za magitaa na mahubiri ya redioni, akiwa amekaa benchi lilelile.

Lakini "alimpenda Mungu tangu ujana wake" haituambii lolote kuhusu hayo. Walutheri wa zamani walikuwa na neno kali: kutengwa. Ukioa mke wa pili, ulitengwa. Hukushiriki meza ya Bwana, na jina lako lilijulikana mtaa mzima. Kulikuwa pia na kurudi kundini, mtu akasimama mbele ya watu akapokelewa. Niambieni, ni wasifu gani mmewahi kuusikia ukisema "marehemu alitengwa miaka minne, akarudi kundini"? Tunaufuta ukurasa huo tukidhani tunamsitiri. Kwa maoni yangu tunamdhulumu, kwa sababu mtu aliyewahi kuwekwa nje ya mlango akarudi na kukaa humo nusu karne ametuachia habari nzito kuliko orodha ya vyeo.

Na mvua je? Kirumi, si mbali sana na huko, ndiko kwenye kiti cha mvua cha Waisanzu, kilichoshikwa na ukoo wa Anyampanda, mwanamume na mwanamke pamoja. Mtama na uwele haviyajui madhehebu. Vyote vinangoja mawingu yaleyale. Mtama wa matambiko ya mvua ulipochangishwa, mzee wetu Mkristo alitoa au alikataa? Akikataa, alisemaje kwa majirani mwaka wa ukame? Akitoa, alisemaje kwa mchungaji Jumapili? Hapo ndipo imani ya mtu wa Singida imepimwa, na pasipo jibu la swali hilo sifa zetu zimekosa mhusika. Najua wapo watakaosema maswali haya si ya msibani. Kweli. Ndiyo maana nashauri yaulizwe mapema, mzee akiwa bado anaota jua ukutani na meno mawili ya kutafunia muhogo.

Liko na la mkewe. Vijana wa Isanzu walikwenda kaskazini kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi, wakakaa misimu. Wasifu utaandika "alifanya kazi Arusha". Nani alilima? Nani alilinda mtama usiliwe na ndege? Sifa ya "mume mwema" huandikwa na wanaume watano kwenye mkeka wa nje, na mjane yuko ndani amezungukwa na kanga, hajaulizwa hata mwaka waliooana. Ningekuwa na mamlaka, ningeamuru aya hiyo aiandike yeye, au ikatwe.

Wakubwa wana bahati. Mzee Ali Hassan Mwinyi, rais wa zamani, mtu wa dini na wa nyumba yake, alizaliwa 8 Mei 1925, na siku alipotimiza miaka 96 kitabu chake, "Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu", kilizinduliwa akiwa hai, ameketi, anasikia. Alipofariki 29 Februari 2024 hakuna aliyehitaji kubishania mwaka usiku kwa tochi. Mshairi Shaaban Robert naye alijiandikia maisha yake, akamwandikia pia mwimbaji Siti binti Saad. Lakini nchi haikujengwa na rais na washairi peke yao, na mzee wa Kinyangiri hatapata mchapishaji. Atapata karatasi ile moja. Basi na iwe karatasi nzuri.

Ndani ya toleo hili mtakuta makala za watu waliojaribu. Nyingine zina makosa ya tarehe, nyingine zimemsifu mzee kupita kiasi, nami nimeziacha hivyo palipokuwa na jambo ambalo singelijua vinginevyo. Zilizosema tu kwamba marehemu alikuwa mtu wa watu nimezirudisha kwa wenyewe.

Nanyi wasomaji, kama kuna wasifu uliokunjwa ndani ya Biblia ya bibi au nyuma ya picha ya ukutani, tuleteeni ulivyo, hata kama panya wameanza kwenye pembe. Nyuma yake andikeni majina ya wale ambao karatasi iliwasahau.