Je, Programu za Kompyuta Zitupangie Kazi ya Nyanjani?

Wanafunzi wa fasihi simulizi tumezoea kulalamikia uhaba wa fedha za utafiti. Ni nadra kulalamikia namna tunavyopangiana kazi, ilhali jambo hilo ndilo lililotupotezea masimulizi tusiyoweza kuyapata tena.

Tulikuwa watafiti sita, tukikusanya ngano na nyimbo za Abagusii huko Suneka, kwenye barabara itokayo Kisii kuelekea Migori. Wawili walirekodi, watatu walinukuu na kutafsiri, nami niliratibu. Tulipochoshwa na ujumbe usiokwisha wa WhatsApp, tuliunganisha fomu ya Google na ubao wa kazi wa Trello kwa kutumia Zapier. Mkusanyaji alipojaza fomu na kuweka kiungo cha rekodi, kadi mpya ilijitokeza ubaoni bila mkono wa mtu, ikiwa na jina la mnukuzi na tarehe ya mwisho. Mantiki yake ni nyepesi: tukio katika programu moja huchochea tendo katika nyingine. Sikatai kwamba tulifurahi. Hakuna aliyeuliza tena zamu ilikuwa ya nani.

Tatizo lilijificha katika neno moja. Fomu ilipojazwa tu, kadi iliwekwa katika safu ya "imerekodiwa". Programu haikuisikiliza rekodi; nasi hatukumwagiza mtu yeyote aisikilize. Hivyo ndivyo masimulizi ya mzee mmoja, ya takriban saa nzima, yalivyohesabiwa kuwa tayari. Mnukuzi, aliyekuwa na kadi nyingine kumi na moja mbele yake, aliyafungua baada ya majuma matano. Alichokisikia ni mvua juu ya mabati. Tuliporejea Suneka, mzee alikuwa ameshazikwa.

Baadhi ya wenzangu wanashikilia kuwa turudie kalamu na daftari. Siafikiani nao. Daftari nalo lisingetuambia kwamba rekodi ni mbovu, na lingetuacha tukisahauliana zamu kama zamani. Abagusii wenyewe wana egesangio, kikundi cha majirani wanaolimiana mashamba kwa zamu. Kuikumbuka zamu ni kazi ambayo programu inaiweza vyema. Kukagua palipolimwa ni kazi ya mwenye shamba.

Wakenya waliounda Ushahidi mwaka wa 2008, wakati wa machafuko ya baada ya uchaguzi, walikusanya taarifa za wananchi kupitia simu na mtandao, wakazionyesha kwenye ramani. Hata hivyo, palikuwa na watu waliozipitia taarifa hizo kabla ya kuziidhinisha. Sisi tuliokuwa na rekodi chache tu tuliiondoa hatua hiyo kwa kutafuta wepesi.

Kwa maoni yangu, programu na iendelee kufungua kadi na kukumbusha tarehe. Pawepo safu ya "imesikilizwa" ambayo mtu pekee ndiye ataihamishia kadi, na mkusanyaji aisikilize rekodi yake, japo vipande vitatu, kabla hajatoka katika boma la msimulizi. (Wahadhiri wetu nao wangetusaidia kama wangedai kusikia rekodi, wasiridhike na ripoti iliyopigwa chapa vizuri.)

Kuhusu kadi ya mzee yule, nimewaomba wenzangu wasiifute. Iandikwe "haikupatikana", pamoja na tarehe tuliyorudi.