Wacheni Kutuuzia Plastiki Mkiiita Ngozi (Nikiwemo Mimi)

Wasee, hii si ile posti mliyozoea. Leo hakuna vichekesho na hakuna namba ya duka hapo chini. Nimekuja kulipa deni.

Mwaka jana duka moja la mtandaoni lilinitumia jaketi jeusi la pikipiki. Nyinyi mngelinunua kwa 3,500. Mimi lilinijia bure, na juu yake nikalipwa pesa ya kutosha kodi ya nyumba ya mwezi. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, karo imenishinda, nimerudi Gongoni na kila mtu ananiuliza "utafungua lini?" Basi nikalivaa, nikaazima boda ya jirani, nikajirekodi pale daraja la Sabaki jua likizama, na nikasema kwa mdomo wangu huu: "Ngozi oriji, mazee! Ukianguka na hii unaamka unajipangusa vumbi."

Sikuwa nimeanguka nalo. Hata kuligeuza nione ndani sikuligeuza. Nililinusa tu, nikaona linanukia upya, basi.

Binamu yangu anaendesha boda hapa hapa Gongoni. Aliiona ile video, akaweka akiba wiki sita, akalinunua. Siku moja anarudi kutoka Malindi, amepita Mambrui, mbuzi akakatiza barabara. Hakuwa anakimbia. Alilala na pikipiki upande wa kushoto, akateleza kidogo kwenye lami. Mkono wa jaketi ukafumuka kuanzia begani hadi kiwikoni, kama ganda la ndizi. Ile "ngozi" ikapata joto la kusuguana na lami, ikalainika, ikashika kwenye kidonda. Muuguzi alikuwa anaitoa kipande kwa kipande. Shangazi yangu alikuwa amesimama pale mlangoni, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nguo hii si ndiyo ile uliyoisifu kwa simu?"

Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hawakusema tu kwamba siku hizi kibaya hakina haja ya kutembea chenyewe. Kinalipa kijana mwenye simu nzuri na njaa, akitembeze. Mimi ndiye nilikuwa miguu yake.

Baada ya hapo nililichukua lile jaketi, nikampelekea fundi wa viatu Malindi mjini. Akachukua wembe, akachana kipande cha mgongoni. Ndani kulikuwa na kitambaa chembamba kilichopakwa plastiki juu. Hakuna mnyama yeyote aliyechunwa kwa ajili ya jaketi lile. Fundi akacheka, akaniambia, "Kijana, hii hata kiatu cha shule siwezi kushonea." Kuanzia siku hiyo nikaanza kusoma na kupekua kila jaketi ninalokutana nalo. Ninayoyaandika hapa ndiyo ningepaswa kuyajua kabla ya kufungua mdomo.

Kwanza, neno "ngozi" limechoka. Kuna plastiki iliyopakwa juu ya kitambaa. Kuna vumbi na masalio ya ngozi yaliyosagwa, yakagundishwa, yakapigwa chapa ya vinyweleo ili yafanane na ng'ombe. Kuna ngozi ya tabaka la chini, ile inayobaki baada ya tabaka la juu lenye nguvu kuchukuliwa. Na kuna ngozi ya tabaka la juu yenyewe. Zote zinaitwa ngozi dukani, na zote zinang'aa sawa kwenye picha.

Halafu zile mbili za mwanzo zina adui mkubwa, naye anaishi Pwani. Plastiki ya aina hii huvunjika taratibu kwa unyevu, na joto huharakisha kazi. Umeona jaketi linalobanduka kolani kama mtu aliyeunguzwa na jua? Hilo si uchafu wala si kosa la mwenye kulifua. Limekufa. Huku kwetu, kati ya bahari na mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, linakufa haraka, na zipu yake ya chuma rahisi inashika kutu kabla yake.

Pili, hivi vipimo tunavyowaonyesha kwenye video ni maigizo. Kiberiti? Ngozi ya mnyama hunuka nywele zilizoungua na plastiki huyeyuka, ni kweli. Lakini utachoma jaketi la nani dukani? Tone la maji? Ngozi nzuri iliyopakwa rangi nzito nayo hukataa maji. Kunusa? Harufu hupuliziwa. Na hata vipimo hivyo vikifaulu, vinakuambia kitu kimoja tu: hii ni ngozi. Havikuambii kama itakaa mwilini ukianguka. Ngozi laini ya mbuzi ya kuvalia harusini ni ngozi halisi kabisa, na lami itaipasua kama karatasi.

Kwa hivyo acheni kuuliza "ni oriji?" Ulizeni maswali haya.

Unene wake? Toa kadi yako ya benki. Ina unene wa karibu milimita 0.76. Tafuta mahali ambapo ukingo wa ngozi haujakunjwa, ndani ya mfuko au chini ya bitana, ulinganishe. Ikiwa ngozi ni nyembamba kuliko kadi, hilo ni jaketi la kupigia picha. La kuendeshea linatakiwa liizidi kadi waziwazi, milimita moja kwenda juu.

Mshono je? Hapa ndipo jaketi la binamu lilipomsaliti. Shika pande mbili za mshono wa bega, vuta kwa nguvu. Ukiona uzi unachungulia na mwanga unapita, rudisha kwenye hanga. Bega na kiwiko vinataka mishono miwili au zaidi, mmoja ukikatika mwingine ushike. Na vipande vingi vidogo vilivyoungwa mgongoni si urembo. Ni mfanyabiashara anayemaliza mabaki, na kila kiungo ni mahali pa kufumuka.

Begani na kwenye viwiko kuna nini? Bonyeza. Ukikuta sponji ya kuoshea vyombo, hicho si kinga. Kinga ya kweli ina namba iliyochapwa juu yake, EN 1621. Na jaketi lililopimwa kwa viwango vya Ulaya lina kibandiko kilichoshonwa ndani, chenye mchoro wa mwendesha pikipiki, namba EN 17092 na daraja lake: AAA ndiyo ya juu, kisha AA, kisha A. Herufi mbili "CE" zilizochapwa peke yake kwenye kikaratasi cha bei hazina maana yoyote. Hata mimi na printa ya saiba naweza kuzichapa.

Sasa nasikia mnavyonijibu. "Bro, kwa elfu tatu ulitarajia nini?"

Hilo swali linaniudhi kuliko lile jaketi. Nilitarajia ukweli. Bei nafuu si dhambi. Mtu anayebeba abiria kutoka Marafa mpaka Malindi, anatoa hesabu ya mwenye pikipiki, mafuta na chakula cha watoto, ana haki ya kununua kitu cha bei yake na kuambiwa ni kitu gani. Ukimuuzia kizuia upepo kwa jina la kizuia upepo, umemtendea haki. Bodaboda wengi wetu huvaa majaketi mazito asubuhi kwa sababu ya kifua, si kwa sababu ya lami, na hakuna ubaya. Ubaya ni kumwambia kizuia upepo kitamwokoa. Mtu anayejua hana kinga huendesha kwa tahadhari. Mtu aliyedanganywa kwamba anayo huendesha kama anayo.

Mwingine atasema, "Nani atavaa ngozi nene na jua hili la Magarini?" Hoja nzuri, nami sina jibu tamu. Saa saba mchana pale steji, ngozi nzito ni jiko. Ndiyo maana sisemi kila mtu akanunue. Nasema kama unanunua, nunua kitu, usinunue jina. Ukiwa na 3,500 mkononi leo, hivi ndivyo ningefanya mimi.

Ningeanza na helmeti. Uchambuzi wa tafiti nyingi umeonyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa kwenye ajali ya pikipiki kwa karibu asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa karibu asilimia 69. Hakuna jaketi la bei yoyote linaloweza kujisifu hivyo. Ukiwa na helmeti iliyopasuka na jaketi jipya, umevalisha mkono ukaacha kichwa uchi.

Pili, ningeingia kwenye mitumba nikiwa na subira na kadi yangu ya benki. Jaketi la ngozi nene lililovaliwa na Mjerumani miaka kumi, likachujuka rangi, bado linaweza kulishinda jipya linalong'aa. Usiogope mikwaruzo. Ogopa ngozi iliyokauka ikapasuka ukiikunja, na uzi uliooza. Uzi wenyewe unabadilishika: mpe fundi wa viatu, si fundi nguo, apige mshono wa pili wa nailoni begani na kwenye viwiko.

Tatu, usisahau rifleta. Sheria ya Trafiki ya Kenya, tangu marekebisho ya 2012, inataka dereva na abiria wavae helmeti na jaketi lenye kuakisi mwanga. Jaketi jeusi, hata liwe la AAA, usiku kwenye barabara ya Garsen mbele ya lori la chumvi halionekani. Vaa rifleta juu yake.

Sasa wenzangu wa kontenti, najua mnasoma. Najua pia mtaniambia, "Na wewe si ulikula?" Nilikula. Sina njia ya kuitapika ile pesa. Lakini kuna mambo matatu ambayo hayatupunguzii hata shilingi. Sema wazi kama umelipwa. Geuza nguo, uonyeshe ndani yake. Na kama hujaanguka na kitu, usiseme maneno "ukianguka". Duka likikataa masharti hayo, limeshakuambia linauza nini.

Ile video yangu sijaifuta. Kufuta kungenisaidia mimi tu. Nimeandika juu yake kwa herufi kubwa kwamba ni uongo, na posti hii nimeiweka hapo chini yake, kwa ajili ya wale waliolinunua na bado wanalivaa wakiniamini. Kama ni wewe, livae kwa upepo, lakini kwenye lami jihesabu kama uliyevaa fulana.

Binamu amerudi steji. Mkono wake hauinuki vizuri juu ya bega, kwa hivyo asubuhi mimi ndiye ninayemfungia kamba ya helmeti. Hajawahi kuniuliza kuhusu ile video.