Tuulize pia habari za shamba

Vijana wenzetu, vita ya Masisi ikitajwa hapa Dzaleka, tunabishana tu kabila gani lilianza. Sisi tunasema: tuulize pia nani alishika hati za mashamba.

Sheria ya 1973 ilifanya ardhi yote ya Zaire kuwa mali ya serikali. Kupata hati, lazima ujuane na wakubwa. Barthélemy Bisengimana, mkurugenzi wa ofisi ya Mobutu kuanzia 1969 hadi 1977, alipata mashamba makubwa Kivu. Na matajiri wa makabila mengine walipata pia. Mkulima aliyelima kwa ruhusa ya chifu akabaki bila karatasi. Vita ilipolipuka 1993, waliokufa na kukimbia ni wanakijiji wa kila upande.

Ndugu wa mashirika, mnatuuliza tulikimbia lini na kwa nini. Sawa. Basi muulize pia shamba la baba lilipakana na nani, muandike. Wazee wanaojua mipaka wanazeekea hapa kambini. Wakishaondoka, siku ya kurudi sisi tutaonyesha nini? Hati ya mkubwa itasema peke yake.